Mwindaji Akishakupa Mgongo

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu nilichemsha maji, nikatia chumvi kwenye beseni, nikamkanda baba goti kwa kitambaa. Yeye alikaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, redio ikisoma habari kwa sauti ya chini, na hatukuzungumza. Kazi ilichukua kama robo saa. Nikimaliza alisema, "Asante, mama," nami nikatoka kumwaga maji chini ya mibuni. Ilikuwa hivyo kwa miezi kumi na moja, siku za mvua na siku za ukungu, hata Jumapili.

Asubuhi ile nilikuwa sijakamua kitambaa mara ya pili mlango uliposukumwa, akaingia kaka Asheri bila kupiga hodi.

Asheri ni mtoto wa baba mdogo Aminieli. Ana duka la vipuri vya pikipiki mjini Same, na tangu tulipomzika baba yake hakuwa amekanyaga nyumbani kwetu. Alipopanda Suji kumwona mama yake alipita barabarani, ng'ambo ya ua wetu, akiangalia mbele. Sasa alisimama katikati ya sebule, koti limeloa umande.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alisema baba, akijaribu kuinuka. Mguu wake ulikuwa mikononi mwangu, hakuweza.

Asheri akatoa karatasi mfukoni, akaiweka juu ya redio. Ilikuwa kibali cha kuwinda kanga wa porini, chenye mhuri wa ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Alieleza kwa ufupi, kama mtu aliyefanya mazoezi njiani. Mwezi ujao ukoo ungekutana kwa kumbukumbu ya mwaka mmoja wa baba yake, na yeye alitaka siku hiyo watu wale kanga. Si kanga wa mahali popote. Alitaka kwenda kule kule, ng'ambo ya Bendera, kwenye pori lililomchukua baba yake.

"Sitaki watu waendelee kusema pori lilimshinda mzee," alisema. "Nipangie safari, baba. Kama ulivyompangia yeye."

Maji ya moto yalinidondokea mguuni. Nilikuwa nakikamua kitambaa bila kujua.

Lazima nieleze jinsi kwetu safari zilivyopangwa.

Baba yangu, Mzee Eliufoo, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na baba mdogo alikuwa mkulima wa tangawizi na kahawa. Kila mwaka kiangazi kilipokolea walikata kibali, wakateremka tambarare na bunduki ya marisau, wakarudi na kanga sita au saba. Kwa miaka mingi walikwenda sehemu moja karibu na Ndungu ambako walijua kila kichaka. Kisha mashamba ya mpunga yakapanuka, vichaka vikafyekwa, kanga wakahama. Ikabidi watafute maeneo wasiyoyajua.

Baba hakuwa mtu wa kuingia ugenini kichwa kichwa. Alikuwa na daftari la shule, na kwa kila eneo jipya aliandika maswali yale yale. Maji yako wapi? Nani mwenye ardhi, na nani wa kuombwa ruhusa? Mpaka wa hifadhi unapita wapi? Ndege wanalala miti gani? Mtu akipotea, ashike njia ipi? Swali la maji lilikuwa la kwanza kwa sababu kanga hunywa asubuhi na jioni. Ukijua wanapokunywa, umemaliza nusu ya uwindaji. Na kila jibu lilipaswa kuthibitishwa na watu wawili wa mahali hapo wasiofahamiana.

Niliporudi nyumbani na stashahada yangu ya upimaji ardhi, bila kazi, baba aliniwekea kiti mezani. Mimi si mtu wa maneno. Chuoni mwalimu akiniuliza swali nilijua jibu, lakini lilikwama hapa kooni mpaka mwingine akalisema. Ila ukinipa karatasi na kalamu, nasema. Nilifungua picha za setilaiti kwenye simu nikawachorea ramani, vijito, vichuguu, njia za ng'ombe. Baba mdogo aliniita "mchoraji wangu". Jioni zile za kupanga ndizo zilizokuwa furaha yangu, wazee wawili wakibishana juu ya kidole changu kinachopita kwenye pori ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulikanyaga.

Ng'ambo ya Bendera nililiona lambo la kunyweshea ng'ombe, la mviringo, linang'aa kama sarafu. Nikalichora kwa rangi ya bluu, na kusini yake nikatia alama nyingine ndogo ya bluu, ya kidimbwi. Picha ile ilipigwa mwezi wa tano, masika yakiisha. Niliuona mwezi huo umeandikwa pembeni na sikuutilia maanani. Sisi watu wa mlimani tunadhani maji yana makazi. Hapa Suji tuna ndiva, bwawa la kuhifadhi maji ya mfereji ambalo mababu walilijenga kwa mawe. Linafungwa jioni, linafunguliwa asubuhi, na ukienda utayakuta. Kule chini maji ni mpita njia.

Mtu mmoja wa bodaboda alituthibitishia kwamba lambo lina maji. Wa pili nilimuuliza mimi. Alikuwa dada Zaituni, mama lishe niliyekula kwake wakati wa mafunzo kwa vitendo Ndungu, ambaye baadaye alihamia Bendera. Aliniambia nisubiri, atawauliza wafugaji wanaomletea maziwa. Siku zikapita. Baba akasema jibu moja linatosha safari hii, kiangazi kinakwisha. Goti lake lilikuwa limevimba, hakuweza kwenda. Baba mdogo akasema ataenda peke yake.

Aliondoka Alhamisi, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Baba alimwambia abebe chupa moja tu ya maji, asijichoshe na uzito, atajaza lamboni. Tulisimama mlangoni, baba, mama mdogo Faustina na mimi. Baba mdogo akageuka, akashika njia ya kwenda kwenye gari la Makanya, na alipokuwa anafungua lango simu yangu ikatetemeka. Ujumbe wa Zaituni ulisema: *Wafugaji wanasema lambo hilo limekauka toka mwezi wa nane. Mwambie asiende bila maji ya kutosha.*

Kwetu mwindaji akishakupa mgongo haitwi. Bibi alitufundisha tukiwa wadogo kwamba ukimwita mwindaji kwa nyuma, anayegeuka si yeye tena, na baba, ambaye darasani aliwacheka wanaoogopa bundi, hili hakulicheka. Nilisimama na simu mkononi. Nilimtazama mpaka alipopotea kwenye kona ya migomba. Nikajiambia nitampigia akifika, akiwa amesimama, hajampa mtu mgongo.

Hapo naweza kusema ilikuwa mila. Lakini saa sita mchana alipiga yeye, kwenye simu ya baba, na baba akaweka sauti ya nje. Alikuwa Ndungu, anakula wali. Akauliza, "Mchoraji wangu yupo?" Baba akajibu kwa majivuno ambayo sikuwahi kuyasikia kwake, akasema, "Yupo hapa. Huyu ameyaona maji kutoka angani." Wakacheka wote wawili. Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema lambo limekauka. Nikaona uso wa baba, jinsi ulivyokuwa umenenepa kwa furaha, nikaona aibu kumkatiza, nikaona aibu ya kukosea, nikasema:

"Safari njema, baba mdogo."

Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena. Walimkuta Jumamosi, kilomita tatu kusini ya lambo, ameegemea mgunga. Bunduki ilikuwa haijafyatuliwa.

Siku ya kuanua matanga baba alisimama mbele ya ukoo mzima akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Alisema kwamba yeye ndiye aliyemwambia ndugu yake kuna maji, na yeye ndiye aliyemwambia abebe chupa moja, kwa hiyo mtu asitafute mwingine wa kumlaumu. Hakuna aliyetafuta. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake, na nilinyamaza. Niliufuta ujumbe wa Zaituni wiki ile ile. Tangu hapo kila asubuhi nilimkanda goti mzee aliyebeba mzigo wangu, na kila asubuhi nilijiambia leo nitasema.

Sasa Asheri alikuwa amesimama sebuleni akidai safari.

"Mimi sipangi tena safari ya mtu," alisema baba.

"Basi Dorkas. Si ndiye aliyechora?"

"Usimwingize Dorkas."

"Simlaumu, baba. Namhitaji." Asheri alinigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba aliniangalia machoni. "Ila safari hii hatupangi mezani. Tunateremka wewe na mimi, tunaangalia kwa macho, tunauliza watu, ndiyo uchore. Au utaogopa jua, mtaalamu?"

Nilijua kule Bendera yuko nani. Nilipaswa kukataa, au kusema pale pale. Nikasema ndiyo, kwa sababu kusema ndiyo kulikuwa rahisi zaidi.

*

Tuliondoka Jumatano. Kutoka Same basi lilizunguka milima upande wa mashariki, tukapita Kisiwani na Gonja, na kila tulivyoteremka joto lilipanda. Asheri alikuwa amenuna hadi Kisiwani, kisha akaanza kuongea mfululizo, kama watu wanavyofanya wakikaribia jambo wanaloliogopa. Alinitania kwamba nikiendelea kuongea kwa kunong'ona nitaolewa na kiziwi. Aliniuliza kama bado naogopa kuku. Halafu, tukiwa tunayaona mashamba ya mpunga ya Ndungu, alisema bila kunitazama kwamba baba yake hakumfundisha kuwinda. Kila mwaka alimwambia mwakani.

"Nilikuwa namwona anakukaribisha wewe mezani kwao," alisema, "nilikuwa naona wivu, dada. Nakuambia kweli."

Nilimpa karanga.

Ndungu tulichukua pikipiki moja, tukabanana watatu hadi Bendera. Zaituni alinijua kabla sijavua miwani. Ni mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuita gari lililokwisha kuondoka. Akanikumbatia, akamwuliza Asheri kama ndiye mume, na alipoambiwa ni kaka yangu akasema afadhali, maana huyu dada mpaka amkubali mtu kwa mdomo, mtu mwenyewe atakuwa amezeeka. Asheri alicheka. Tukaletewa chai na maandazi.

Kisha Asheri akajitambulisha yeye ni mtoto wa nani. Zaituni akaweka birika chini. Alifuta mikono kwenye khanga yake taratibu, akampa pole, akakaa kwenye benchi letu.

"Mzee wa watu," alisema. "Alipita hapa hapa kwenye pikipiki, sikujua kama ndiye. Ningemjua ningemzuia." Akanigeukia. "Lakini mimi nilikutumia ujumbe, Dorkas. Asubuhi na mapema kabisa, wafugaji walipokuja tu na maziwa. Hukuupata?"

Asheri alikuwa ameshika andazi. Hakulipeleka mdomoni.

Nimeifikiria sana dakika ile. Hakukuwa na bibi wala mila, wala mzee wa kumwonea haya. Alikuwepo mtu aliyeniuliza swali la wazi, na jibu lilikuwa neno moja.

"Haukufika," nilisema. "Kule kwetu mtandao unasumbua."

Zaituni alipiga ulimi, akailaani minara yote ya simu. Asheri alilirudisha andazi kwenye sahani. Macho yake yalijaa maji, akatoka nje, akasimama muda mrefu akiitazama barabara.

Mchana tulikwenda lamboni. Dereva wa pikipiki alituacha njia ilipoishia, tukatembea saa nzima. Kila mmoja wetu alibeba lita tano. Nilikuwa nalijua pori lile kutoka juu, nimepita na kidole changu mara mia, na sikulitambua. Kichuguu nilichokichora hakikuwepo. Njia ya ng'ombe iligawanyika mara tatu mahali nilipochora moja. Na lambo lilikuwa shimo pana la udongo uliopasuka vipande vipande, kila kipande kimejikunja pembeni kama ngozi iliyoanikwa, na katikati kulikuwa na fuvu la ndama.

Asheri aliingia mpaka katikati, akachuchumaa, akagusa chini kwa kiganja.

Nyayo mpya za ng'ombe hazikuelekea lamboni. Zilikwenda kaskazini. Tukazifuata, na kwa mwendo wa nusu saa tukafika kwenye kijito cha mchanga ambako wafugaji walichimba visima vya kina cha mkono. Pembeni maji yaliyomwagika kwenye birika la ng'ombe yalifanya tope, na tope lote lilikuwa limechorwa miguu ya kanga. Kulikuwa na manyoya yenye madoa meupe, na chini ya migunga vishimo vya vumbi wanamooga. Walikuwa wengi, pengine mia. Nusu saa ya mwendo. Baba mdogo alipokuta lambo limekauka, bila shaka aliitoa ramani yangu, akaona alama ya pili ya bluu upande wa kusini, akaifuata.

Kaka yangu alitazama miguu ile ya ndege kwenye tope. Kisha akanishika bega.

"Nilikuwa namchukia baba yako," alisema. "Mwaka mzima. Kumbe mlikuwa mmeuliza. Jibu lilikuwa linakuja, likakwama kwenye mnara." Alivuta pumzi ndefu. "Kwa hiyo si mtu. Hakuna mtu."

Nilichora. Mkono wangu ulichora visima, kijito, migunga, njia ya kurudi. Nilimpa ile karatasi, akaikunja akaiweka mfuko wa shati, na njia nzima ya kurudi Same alilala, kichwa kimeniegemea.

*

Jumapili baada ya ibada mama mdogo Faustina alituita kwake. Asheri alishamsimulia, lakini alitaka baba asikie akiwa amekaa. Nyumba ni hii ya jirani, ng'ambo ya mfereji. Baba alitembea polepole na fimbo yake, na alipofika alikaa pale anapokaa siku zote, kwenye kigoda karibu na mlango, si kwenye kochi.

Mama mdogo ni mwanamke wa maneno machache yaliyopangwa. Mwaka ule wote, mtu akimpa pole alijibu jibu moja, "Tumemwachia Mungu," akitabasamu kidogo, na mtu akaondoka akisifu imani yake. Alileta maji kwenye bilauri, akampa baba kwa magoti kama kawaida. Tangu msiba baba hakuwahi kunywa maji katika nyumba ile. Aliyapokea, akayashika, na wakati wa kuondoka aliiweka bilauri mezani ikiwa imejaa. Hakuna aliyelisemea jambo hilo. Mama mdogo aliendelea kumletea.

Asheri alisimulia. Alieleza lambo, visima, miguu ya kanga. Halafu akafika kwa Zaituni, akasema ujumbe ulitumwa alfajiri ile ile na mtandao ukaumeza. Alimwita baba "baba mkubwa", jina ambalo hakulitumia tangu mazishi, akamwomba msamaha kwa kupita barabarani bila kuingia.

Baba alisikiliza kichwa kimeinama. Nje kuku alikuwa anatamba kwamba ametaga.

"Kwa hiyo mtu wa pili alijibu," alisema baba hatimaye.

"Alijibu, baba."

"Nilidhani tulikwenda bila jibu la pili. Nilidhani nilivunja utaratibu wangu mwenyewe kwa sababu ya haraka." "Kumbe lilikuwa njiani."

Akainua bilauri. Akanywa. Alikunywa maji yote bila kupumzika, kama mtoto, koo lake jembamba likipanda na kushuka, na mama mdogo alipoona hivyo akafunika uso kwa upande wa khanga. Kisha akaja pale nilipokaa, akapiga magoti, akanishika mikono yote miwili.

"Na wewe mwanangu," alisema. "Kumbe hata wewe ulijaribu. Uliuliza. Mungu akubariki."

Mikono yake ilikuwa ya moto na migumu, yenye harufu ya sabuni. Ningeweza kuiacha inishike. Kila mtu mle ndani alikuwa amepata anachokihitaji, na kilichohitajika kwangu ni kunyamaza, kazi ambayo naifahamu kuliko zote. Lakini alikuwa ananishukuru. Lawama ningeweza kuishi nayo kimya. Shukrani zake sikuziweza.

Niliitoa mikono yangu.

"Ujumbe ulifika," nilisema.

Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. Nilisema ulifika akiwa anafungua lango, nikausoma, na sikumwita kwa sababu mwindaji haitwi. Baba alianza kusema jambo kuhusu bibi, kuhusu kwamba yeye ndiye aliyetulea hivyo. Nikamkatiza. Sijawahi kumkatiza baba yangu maishani.

"Si hilo tu, baba. Alipiga saa sita. Uliweka sauti ya nje. Nilikuwa najua kwamba hakuna maji, na aliuliza kama nipo, na nilimwambia safari njema. Hakuwa amenipa mgongo. Alikuwa ananisikiliza. Niliona aibu tu. Niliona aibu kusema nimekosea mbele yako. Na Bendera nilimdanganya Zaituni, nikamdanganya na kaka."

Asheri alisimama, akaenda dirishani, akageukia nje. Aliitoa ile karatasi mfuko wa shati, akaitazama, akairudisha. Baba alikuwa bado ameshika bilauri tupu, anaiangalia kama mtu asiyejua ameipata wapi. Alionekana mzee kuliko alivyoingia. Akaipapasa fimbo yake.

"Twende nyumbani, mama," aliniambia kwa upole. "Tuwaache wenye nyumba wapumzike. Shemeji, tutarudi tuongee. Wewe una imani, utamwombea huyu mtoto."

Mama mdogo hakuwa amesogea tangu nilipoitoa mikono yangu. Bado alikuwa amepiga magoti mbele yangu, mikono wazi.

"Tumemwachia..." alianza, na maneno yakaishia hapo.

Aliinuka kwa kushika meza. Akaenda mlangoni, akaufunga, akausimamia kwa mgongo, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia katika nyumba ile.

"Hapana, shemeji. Kaa chini. Mwaka mzima nawaambia watu nimemwachia Mungu, na nilikuwa nasema ili waondoke. Sijamwachia. Nina hasira. Nina hasira na Aminieli aliyekwenda peke yake kwa sababu ya ndege, na wewe na chupa yako moja, na huyu Dorkas, kuanzia leo nina hasira naye kuliko nyote, na sijui itaisha lini. Lakini msinipe mgongo. Nimechoka kukasirika peke yangu na viti vitupu. Kaeni hapa, niwakasirikie nikiwaona."